Kwa Nini Mtoto Hupimwa Urefu, Si Umri

Msomaji mmoja ameuliza: kwa nini katika viwanja vya burudani vya Orlando, Marekani, mtoto wa miaka minane huzuiwa getini kwa kupungukiwa sentimita mbili, ilhali wa miaka saba aliyerefuka mapema hupita?

Kipimo cha chini cha urefu hutofautiana kati ya rola kosta (treni ya burudani) moja na nyingine. Space Mountain ni sentimita 112, VelociCoaster 130, Hulk 137. Ujasiri wa mtoto hauhusiki. Jibu liko kileleni mwa reli.

Aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha basi anaijua hali hiyo. Dereva akivamia tuta bila kupunguza mwendo, kiti humsukuma abiria juu, kisha ghafla kinashuka na kumwacha. Makalio yanaachana na kiti, vikapu vinaruka, kichwa kinagonga dari. Mwili bado unapanda, kiti kimeshateremka.

Wahandisi wa rola kosta hulijenga tuta hilo kwa makusudi. Treni ikipita kwa kilomita 72 kwa saa juu ya kilima chenye nusukipenyo cha mita 30, mvutano wa dunia peke yake hauwezi kuuteremsha mwili sambamba na kiti. Mtoto wa kilo 20 hung'olewa kitini kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 7 hivi. Nguvu hiyo tuiite “uzito kinyume”.  Kinachomzuia mtoto asiruke ni chuma kinacholala mapajani.

Hapo ndipo urefu unapohesabika. Paja fupi halifiki ukingo wa kiti, hivyo mtoto husogea mbele ili akunje magoti. Nyonga zinateleza, pengo linabaki chini ya chuma, na miguu inayoning'inia haina pa kujikita. Hulk hutumia vizuizi vya mabegani. Kwa mtoto mfupi, vizuizi hivyo hukaa masikioni. Umri hauelezi lolote kati ya hayo.

Urefu nao hautoshi. Machi 2022, kijana wa miaka 14 alianguka kutoka mnara wa burudani wa Free Fall, Orlando, na kufariki. Alikuwa mrefu vya kutosha, lakini kihisi cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa, kikaruhusu pengo kubwa kupita kiasi.

Wazazi wanaowavalisha watoto viatu vya soli nene ili wavuke alama waache. Soli hairefushi paja. Mpimeni mtoto nyumbani kabla ya kukata tiketi, na mhudumu akikataa, msimbembeleze.