Sabuni na Jua Huondoa Viroboto. Kichaa cha Mbwa Kinahitaji Chanjo

Katika nyumba nyingi za Kibera na Kawangware, mbwa hulinda mlango usiku na paka hufukuza panya. Chumba ni kimoja, kwa hivyo mnyama akipata viroboto, watoto nao huanza kujikuna. Kiroboto pia hubeba viluwiluwi wa tegu, na mtoto akimmeza kwa bahati mbaya anaweza kupata minyoo hao.

Dawa za dukani ni ghali kwa familia nyingi, na wakazi hutafuta njia za asili. Baadhi ya njia hizo zinafaa. Nyingine zina hatari.

Anza na malazi

Viroboto unaowaona kwa mnyama ni wachache. Mayai na viluwiluwi wao wako kwenye gunia analolalia, kwenye pembe za chumba na chini ya kitanda. Fua gunia au tambara hilo kwa maji moto na sabuni, kisha ulianike juani. Fagia pembe zote na utupe taka nje ya nyumba. Rudia kila wiki kwa angalau mwezi mmoja, kwa sababu wengine huendelea kuanguliwa.

Mwogeshe mbwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Anza kwa kumpaka povu shingoni, viroboto wasikimbilie kichwani. Acha povu dakika chache, kisha msuuze vizuri. Paka wengi huchukia maji, kwa hivyo tumia kitana chenye meno ya karibu na uwe ukikichovya kwenye maji ya sabuni.

Vitu vya kutumia kwa uangalifu

Pareto, ua linalolimwa Nakuru na Nyandarua, huua viroboto, na sumu yake huvunjika upesi juani. Nunua dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mnyama unayemfuga na ufuate kipimo. Dawa ya mbwa yenye permethrini, kemikali ya kiwandani iliyoundwa kwa mfano wa pareto, inaweza kumuua paka. Mafuta makali ya mwarobaini pia humdhuru paka kwa kuwa hujilamba.

Usimlishe mbwa au paka kitunguu wala kitunguu saumu ili kutoa minyoo. Vyote viwili huharibu damu yake. Usimpake oili chafu ya gari, mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hizo huunguza ngozi na ni sumu, na mtoto anayemshika mnyama huyo huipata mikononi.

Hakuna jani la kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu uliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana nao ifikapo 2030. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa. Kinga ni chanjo: mchanje mbwa na paka wako akifika miezi 3, na urudie kila mwaka.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa:

1. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Pasipo na bomba, mimina maji ya mtungi polepole kwa jagi.
2. Usipake pilipili, majani wala mafuta.
3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, na umalize chanjo zote utakazopangiwa.
4. Mbwa asiuawe. Mfungie mahali salama, ikiwezekana bila kuumwa, na umwarifu daktari wa mifugo ili achunguzwe kwa siku 10.

Mfundishe mtoto kusema mara moja anapoumwa, na usimchape kwa kuwa alicheza na mbwa. Anayeogopa kiboko huficha kidonda, na siku za kumwokoa hupita.