Acha Kufukuza Biti: Sasa Ngoma Ndiyo Inafuata Miguu Yako

Uko kwa tizi ya asubuhi, mwili ndio unaanza kushika moto, halafu simu inakurushia ngoma ya kulilia ex. Miguu inalegea hapo hapo. Kuna teknolojia inamaliza hiyo stori: wewe unakimbia, ngoma inakufuata.

Inafanyaje? Ndani ya simu kuna sensa ndogo inayosikia kila mtikisiko, ile ile inageuza skrini ukilaza simu. Programu inaitumia kuhesabu hatua zako kwa dakika, kisha inakutafutia ngoma yenye biti za kasi hiyo. RockMyRun inaeza fuata hatua ama mapigo ya moyo. Spotify walileta yao mwaka wa 2015, wakaizima 2018. Weav, ya Lars Rasmussen, mmoja wa waanzilishi wa Google Maps, ilienda mbali zaidi: ngoma moja ilikuwa inaongeza kasi ama kupunguza, na bado inasikika poa.

Wanariadha walijua hii siri kitambo. Mwaka wa 1998, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani kule Birmingham, Uingereza, "Scatman" ikidunda uwanjani. Biti ilikuwa imeshikana na hatua zake.

Lakini usidanganyike, mziki haukupei mapafu mapya. Costas Karageorghis wa Brunel University of London amechunguza hii mambo miaka mingi. Ukifanya tizi ya kawaida, ngoma inakufanya usiskie uchovu sana. Ukisukuma mpaka mwisho, mwili unapiga kelele kushinda spika. Kwa hivyo kifua kikibana, simama, hata kama chorus imeingia.

Na hii kitu si ya watu wa jimu pekee. Kule Marekani, MedRhythms wanaweka sensa kwa viatu vya watu waliopata kiharusi na bado wanatembea kwa shida. Mziki unasoma hatua zao, biti inapanda pole pole vile mguu unapata nguvu. Kwa msee kama huyo, biti inaeza amua kama atafika dukani bila kushikwa mkono.

Huna bando? Tulia. Kimbia kwa kasi yako, hesabu hatua kwa sekunde 30, zidisha mara 2. Ukipata 160, tafuta ngoma ya biti 160, ama ya 80, juu hatua mbili zitaingia kwa biti moja. Zipakue, zipange: za pole mwanzo, za moto katikati, za kupoa mwisho.

Na ukikimbilia kando ya barabara, wacha sikio moja wazi. Nduthi haitangoji ngoma iishe.