Joto Huanzia Paani

Kabla ya kununua kiyoyozi, mwenye nyumba ndogo Dar es Salaam atazame kwanza paa. Bati tupu likipigwa na jua la saa sita mchana, joto humshukia utosini aliye ndani. Dari yenye upenyo wa hewa juu yake hulizuia. Karibu na ikweta, jua huchoma zaidi kuta za mashariki na magharibi. Basi pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, madirisha yatazamane, pepo za kusi na kaskazi zipate njia. Baadhi watasema makuti yana ubaridi zaidi kuliko bati. Kweli, ila huoza na kushika moto upesi. Wengine watalalamikia gharama ya dari. Mbona fedha za vioo vipana vinavyokodolea machweo hupatikana? Unayechora ramani, uliza kwanza upepo unatoka wapi.