Mkuki na Mbio Katika Mizani Moja

Barazani Malindi, alasiri ikishapoa na kahawa ikizunguka, ubishi wa michezo haukosi. Mmoja atamtaja Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1,500 mjini Mexico mwaka 1968 kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Wa pili atamleta Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mjini Nairobi mwaka 2021. Wa tatu atadakia, "Mwamsahau Julius Yego!" Huyu alirusha mkuki mita 92.72 Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Je, nani zaidi?

Swali hili si geni kwa mtu wa sokoni. Pishi ya mtama na wari ya bafta hazipimiki kwa kipimo kimoja, lakini zote zina bei. Wanariadha nao wana shilingi yao, nayo ni pointi. Katika dekathloni, ambapo mtu mmoja hushindana michezo kumi kwa siku mbili, kila tendo hugeuzwa pointi kwa hesabu iliyoanza kutumika mwaka 1985. Katika mita 100, mwenye kukimbia kwa sekunde 18 hapati kitu. Sekunde 12 ni pointi 651, sekunde 11 ni 861, na sekunde 10 ni 1,096. Tazama, msomaji: sekunde ya kwanza kupunguzwa imeleta pointi 210, ya pili imeleta 235. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hatua inavyokuwa ghali.

Kwa mizani hiyo Keino apata pointi 1,146, Omanyala 1,154, na Yego 1,240. Ubishi umekwisha? La, hasha. Bei ni mapatano ya watu. Jedwali hili lilitungwa kwa ajili ya mtu wa michezo kumi, si bingwa wa mchezo mmoja. Hao wana majedwali yao mengine. Tena jedwali lenyewe hubadilika. Ushindi wa Daley Thompson wa Uingereza, huko Los Angeles mwaka 1984, ulihesabiwa pointi 8,798 kwa jedwali la zamani. Jedwali jipya lilipokuja, matokeo yale yale yakawa 8,847. Jasho ni moja, bei mbili.

Na Seraphino Antao wa Mombasa, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth mwaka 1962, tumweke wapi? Yadi 100 ni mita 91.44, na jedwali halina safu yake. Hata hivyo, nani athubutuye kusema ushindi ule ni sifuri?

Basi faida yake nini? Tuseme katika uwanja wa shule huko Kilifi kijana mmoja akimbia mita 100 kwa sekunde 11, na mwenziwe aruka mbali mita 7. Aghalabu makofi yote humwendea mkimbiaji, na mrukaji arudi kwao kimya. Lakini jedwali lasema mkimbiaji ana 861 na mrukaji 814. Wamepishana pointi 47 tu.

Sifa ya Kenya kwa miaka mingi imekuwa mbio ndefu, na mtoto wa Pwani asiyeziweza huonekana hana mchezo. Mwalimu mwenye saa, kamba ya kupimia na jedwali aweza kumwona mtoto huyo kabla hajakata tamaa. Ubishi wa barazani tuuache uendelee, maana kahawa bado ipo.