Madini Yapita Msamvu, Maarifa Yamo Karatasini

Msafiri wa nchi hii hana haja ya kuelezwa Msamvu ni wapi. Ndipo barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika. Moja huelekea Dodoma na Singida, na kwa njia hiyo hufika Rwanda na mashariki ya Kongo. Nyingine hushika Mikumi, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, na toka hapo Zambia na Katanga. Usiku na mchana malori hupita mbele ya milima ya Uluguru yakiwa yamefunikwa maturubai, nasi tumezoea kuyaona yakishuka bandarini bila kujiuliza yamebeba nini. Kando ya barabara hiyo hiyo, katika vibanda vilivyokizunguka kituo cha mabasi, mafundi wa simu na redio wameinamia meza zao, chuma cha solda mkononi. Leo twapenda kuviweka pamoja vitu hivyo viwili, lori na kibanda, kwa kuwa kati yake pana jambo ambalo taifa letu halijalitilia maanani ya kutosha.

Jambo hilo laeleweka vyema kwa kuitazama kazi ya mvumbuzi mmoja wa Marekani, Dudley Buck. Alizaliwa San Francisco mwaka 1927, na mwaka 1950 aliingia chuo cha MIT, katika jimbo la Massachusetts, kufanya kazi kwenye kompyuta iliyoitwa Whirlwind. Zama zile kompyuta ilijaza chumba kizima. ENIAC, iliyozinduliwa mwaka 1946, ilikuwa na vali zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Vali zile, za jamii moja na zile za redio za wazee wetu, zilipata moto kama taa na kuungua mara kwa mara. Kila aliyeshughulika na mitambo hiyo alitafuta kitu kidogo zaidi, kisicho na joto, kitakachoshika nafasi ya vali.

Buck alikitafuta katika ubaridi. Tangu mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, alikuwa ameonyesha kwamba zebaki ikipozwa mno hupoteza ukinzani wake wote wa umeme. Metali kadhaa nyingine zina tabia hiyo, na wataalamu huziita supakondakta. Kwa miaka arobaini jambo hili lilibaki zaidi kuwa ajabu ya maabara. Mwezi Desemba 1953 Buck aliandika katika daftari lake namna ya kulifanya liwe swichi.

Chombo chenyewe, alichokiita krayotroni, kilikuwa chepesi kuelezeka. Alichukua kipande kifupi cha waya wa tantalamu, akakizungushia waya mwembamba zaidi wa niobiamu, kama uzi kwenye kibiringo. Akavitumbukiza vyote katika heliamu iliyogeuzwa kimiminika, ambayo ubaridi wake hufikia nyuzi 269 za selsiasi chini ya sifuri. Katika ubaridi huo tantalamu hupitisha umeme bila kizuizi. Lakini hali hiyo haivumilii sumaku. Umeme kidogo ukipitishwa katika waya wa nje, sumaku inayozaliwa huirudishia tantalamu ukinzani wake. Umeme ule ukikatwa, ukinzani hutoweka tena. Niobiamu yenyewe haidhuriki, maana huhimili sumaku kali zaidi. Mkulima wa Mgeta anayefungua na kuziba mfereji wa maji kwa jiwe ataielewa kazi hiyo mara moja. Waya wa nje ndio jiwe, na umeme ndio maji. Kompyuta, kwa undani wake, ni malango ya namna hiyo yaliyounganishwa kwa maelfu na kwa mamilioni.

Krayotroni haikuwa kazi yake pekee. Mwaka 1952 aliandika tasnifu juu ya fuwele zinazoweza kutunza habari kwa njia ya chaji ya umeme. Alisanifu pia kumbukumbu ya kompyuta inayoulizwa kwa kile kilichomo ndani yake badala ya namba ya mahali kilipowekwa. Wazo hilo leo linatumika katika mitambo inayoelekeza ujumbe ndani ya mtandao wa intaneti. Katika miaka yake ya mwisho alishughulikia namna ya kuchora saketi ndogo mno kwa mwale wa elektroni. Ombi la hataza ya krayotroni alilipeleka mwaka 1955, na tarehe 29 Aprili 1958 serikali ya Marekani ikampa hataza namba 2,832,897. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Mei 1959, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 32.

Sasa na tuirudie barabara yetu. Krayotroni ilihitaji vitu vitatu: tantalamu, niobiamu na heliamu. Tantalamu hupatikana katika koltani, na sehemu kubwa ya tantalamu ya dunia hutoka Kongo na Rwanda. Machimbo ya Rubaya, katika Kivu ya Kaskazini, ni miongoni mwa makubwa kabisa, na wananchi wa huko wameyalipia kwa damu. Mwaka 2024 yaliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Niobiamu imo ndani ya koltani hiyo hiyo, nayo ipo pia nchini mwetu, katika Panda Hill, magharibi ya mji wa Mbeya. Ama heliamu, mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja ya bonde la Rukwa, na visima vya majaribio vimekwisha kuchimbwa huko. Kwa maneno mengine, hapana hata kimoja katika vitu vitatu vya mvumbuzi yule ambacho ardhi ya pande hizi imenyimwa.

Tunalisema hili si kwa kujivuna. Fundi wa Msamvu anayebandua kapasita ndogo ya tantalamu kutoka kwenye bodi ya simu huenda anashika punje ya udongo wa Kivu iliyozunguka nusu ya dunia na kurejea ikiwa imeongezwa thamani mara nyingi. Mgonjwa anayelazwa ndani ya mashine ya MRI, pale Muhimbili na kwingineko, huzungukwa na nyaya zenye niobiamu, ambazo kwa kawaida hupozwa kwa heliamu. Bidhaa tunaagiza na mawe tunauza. Kinachoongezwa katikati ni maarifa, na maarifa hayo yameandikwa.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Watu wengi hudhani hataza ni kufuli. Ukweli ni kwamba hataza ni mapatano. Mvumbuzi huieleza kazi yake hadharani, kwa maneno na michoro, kiasi cha mtu mwenye ujuzi wa fani ile kuweza kuifuata. Naye kwa malipo ya uwazi huo hupewa haki ya kuwazuia wengine kuitumia kibiashara kwa muda maalumu. Muda ukiisha, kazi ile ni ya watu wote. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, haki ilidumu miaka 17 tangu hataza itolewe. Kwa hiyo, tangu mwaka 1975, krayotroni ya Buck ni mali ya yeyote anayetaka. Katika nchi nyingi leo ukomo ni miaka 20 tangu ombi lipelekwe. Tena hataza ina mipaka ya nchi: iliyotolewa Marekani peke yake haimzuii mtu wa Morogoro kutengeneza na kuuza kitu kile hapa nchini. Mamilioni ya hati hizo yanasomeka bure kwa njia ya intaneti, hata katika simu ya fundi mwenyewe. Hazina hiyo haina mlinzi mlangoni. Kizuizi chake ni lugha, kwa kuwa nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu cha wanasheria.

Wapo watakaotuambia kwamba hataza ni mambo ya matajiri, na kwamba hata Buck mwenyewe hakufanikiwa sokoni. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kukwepwa. Makampuni makubwa, IBM, General Electric na RCA yakiwamo, yaliichunguza krayotroni kwa miaka kadhaa. Lakini katika miaka ile ile ya 1958 na 1959, Jack Kilby na Robert Noyce walionyesha njia ya kuweka saketi nzima juu ya kipande kimoja. Saketi hizo za transista, zilizotengenezwa kwa silikoni, zilifanya kazi bila mapipa ya heliamu na bei yake ikashuka mwaka hadi mwaka. Krayotroni ikawekwa kando.

Hata hivyo maandishi hayakufa. Watafiti waliokuja baadaye waliendelea kutafuta swichi za supakondakta, na leo baadhi ya kompyuta za kwantamu hutumia saketi za niobiamu na alumini zilizopozwa kupita ubaridi ule wa Buck. Mwaka 2021 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba saketi za namna hiyo zikitengenezwa kwa tantalamu hutunza habari kwa muda mrefu zaidi. Metali aliyoichagua kijana yule mwaka 1953 imerudi mezani. Laiti wazo lake lingekuwa kichwani mwake tu, lingezikwa naye mwaka 1959.

Tunao mfano wa nyumbani pia, kwenye barabara hii hii ya Iringa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona kwamba maziwa ya moto aliyoyaweka katika friza yaliganda kabla ya yale yaliyokwisha poa. Alichekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, alimwuliza swali lile lile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye Osborne alikubali kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanasayansi wa dunia wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Hakupata hataza, wala uchunguzi wa namna ile haukuihitaji. Lakini kilichomtoa jikoni mwa shule na kumfikisha vitabuni ni kwamba aliyoyaona yaliandikwa.

Je, ni mangapi yanayoonekana kila siku juu ya meza za Msamvu na kupotea jioni pamoja na vumbi la kufagia? Fundi anayefufua bodi bila mchoro, kwa mita na kumbukumbu tu, anafanya uchunguzi wa kweli. Akibuni kifaa kipya, kwa mfano cha kuilinda friji na umeme unaopanda na kushuka, mara nyingi huwaonyesha jirani na wateja. Mwaka haujaisha, kitu chake kinauzwa na mtu mwingine. Sheria ya Usajili wa Hataza ya Tanzania Bara ilitungwa mwaka 1987, na msajili wake yuko BRELA. Sheria hiyo inatambua pia cheti cha daraja la chini, kwa kitu kipya chenye manufaa ambacho hakikufikia kina cha uvumbuzi mkubwa. Vipo vifaa vingi vya mafundi wetu ambavyo vingestahili kuombewa cheti hicho. Kwa anayelenga soko pana, Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lililoko Harare, hupokea ombi moja kwa ajili ya nchi wanachama kadhaa, yetu ikiwamo.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, mafundi wetu na washike kalamu: daftari lenye tarehe, mchoro na maelezo ya kila jaribio ni chombo cha kazi sawa na koleo. Na mwenye kitu kipya asikipeleke kwenye maonyesho ya Nanenane kabla ya kupeleka ombi lake, kwa kuwa sheria ya hataza hudai upya, na kilichokwisha anikwa hadharani chaweza kuhesabiwa si kipya tena. Pili, BRELA pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, wafikirie kuweka dawati la msaada hapa Msamvu, penye mafundi, hata kama ni kwa siku chache za kila mwezi. Tatu, vyuo vya mkoa wetu, Chuo Kikuu cha Sokoine na vyuo vya ufundi, viwape wanafunzi wao zoezi la kuzitafsiri kwa Kiswahili hataza zilizokwisha muda wake, hasa za umeme, za pampu na za kusindika mazao. Hati kumi zilizotafsiriwa vizuri zitamsaidia fundi kuliko semina kumi.

Hatusemi kwamba kesho Morogoro itatengeneza kompyuta za kwantamu. Tunasema kwamba heliamu ya Rukwa na niobiamu ya Mbeya zitakapoanza kuteremka kwa wingi katika barabara hii, itakuwa aibu kubwa iwapo zitapita mbele ya vijana wasiojua ni za kazi gani, ilhali maelezo yake yamelala wazi kwa miaka mingi yakingoja msomaji. Malori hayatatusubiri. Kazi ya kusoma na kuandika yafaa ianze sasa, na gharama yake ya kwanza ni bei ya daftari.