Kitufe na Mshereheshaji: Ushiriki wa Hadhira katika Kinoautomat ya Mwaka 1967

Katika taaluma ya fasihi simulizi, hadhira ni sehemu ya utendaji. Fanani asemapo "Paukwa" hungoja "Pakawa". Asipoitikiwa, hadithi haianzi. Je, teknolojia inayomkabidhi mgeni kitufe, simu au bangili ya mwanga humpa nafasi hiyo? Mfano ulio wazi ni Kinoautomat, filamu iliyobuniwa na Radúz Činčera na kuoneshwa katika banda la Chekoslovakia kwenye maonesho ya Expo 67 mjini Montreal, Kanada.

Ukumbi ulikuwa na viti 127, kila kimoja kikiwa na vitufe viwili, cha kijani na chekundu. Filamu ilipofika njia panda ilisimamishwa, na mshereheshaji akatokea jukwaani kuwauliza watazamaji mhusika mkuu, Bwana Novák, afanye nini. Jirani wa kike amejifungia nje, mwilini ana taulo tu, na mke wa Novák yu njiani kurudi: amkaribishe ndani au amwache? Kura zilihesabiwa papo hapo. Projekta mbili zilikwenda sambamba, na aliyeziendesha alifunika lenzi ya ile iliyoshindwa. Mtambo wenyewe, kwa kweli, ulikuwa sahili mno.

Hila ilikuwa katika masimulizi. Kila chaguo lilirejesha kisa kwenye njia panda ileile iliyofuata, na jengo la Novák liliungua vyovyote watu walivyopiga kura. Ndiyo maana wahakiki wameisoma kazi hii kama kejeli dhidi ya demokrasia.

Hata hivyo, kusema kwamba hadhira ilidanganywa kwa kuwa mwisho haukubadilika ni hoja dhaifu. Mwisho wa ngano nao hujulikana, na hakuna anayelalamika. Hadhira ya ngano hubadili mwendo tu: fanani hurefusha, hurudia au hukatiza kwa kuisoma miitikio yake. Kwa kigezo hicho, aliyekuwa karibu na fanani pale Montreal ni mshereheshaji, Miroslav Horníček, ambaye ndiye aliyemwigiza Novák. Alisimama mbele ya watu, akawauliza, akawangoja. Kitufe kilihesabu tu. Kwa sababu hiyo, utafiti huu unalitumia neno "ushiriki" pale tu ambapo yupo mtendaji anayeweza kusikia jibu na kulifuata. Bangili inayowashwa kwa mawimbi ya redio kutoka chumba cha mitambo, pamoja na uzuri wake wote, inaitwa humu "pambo la hadhira".