Je, kuna hati ya kukamatwa yenye jina lako? Ijue kabla haijakukuta njiani

Hebu fikiria hii. Wewe na mwenzi wako mmetoka Ikonda kumjulia hali mama aliyelazwa Hospitali ya Consolata. Baridi ya Makete bado iko mifupani, kwenye buti kuna gunia la viazi, na mmeshapita Njombe mkielekea Makambako ili kesho mwendelee na safari ya Dar. Simu inalia.

"Unaongea na afande. Kuna hati yako ya kukamatwa hapa. Tuma laki mbili tuimalize kimyakimya."

Mkeo anakugeukia. "Hati gani tena, mume wangu?"

Unacheka, lakini tumbo linakuvuruga. Mwaka juzi ulimdhamini binamu yako mahakamani. Kesi ya binamu hujui iliishia wapi. Na mkeo hujawahi kumwambia.

Mpenzi msomaji, aliyepiga simu anaweza kuwa tapeli tu. Hati ya mahakama haifutwi kwa hela ya kutuma kwenye simu, kwa hiyo usitume hata senti. Ripoti namba hiyo kwenda 15040. Lakini lile swali lililokuvuruga tumbo linabaki palepale: utajuaje kama kweli unatafutwa?

RB, wito na hati: usichanganye

Mtaani watu husema "ana RB" wakimaanisha mtu anatafutwa. Si sahihi sana. RB ni namba ya kumbukumbu ambayo polisi wanampa mtu aliyekwenda kutoa taarifa. Mwenye nyumba wako wa zamani anaweza kwenda kituoni na kutoka na RB yenye jina lako. Hiyo ni taarifa, haijawa kesi. Ila polisi wanaweza kukuita wakuhoji, na kwa makosa mengi sheria inawaruhusu kukukamata bila hati wakikushuku kwa sababu za msingi.

Wito, au samansi, unatoka mahakamani. Unakutaka ufike tarehe fulani. Usipopatikana, unaweza kuachwa kwa mtu mzima wa familia yako au kubandikwa kwenye nyumba unayoishi. Mtumishi wa serikali anaweza kuupata kupitia kwa mkuu wake wa kazi. Ndiyo maana kuna watu wana wito uliokaa kwenye droo ya shemeji miezi minne.

Hati ya kukamatwa ndiyo yenyewe. Inakuwa ya maandishi, inasainiwa na hakimu au jaji, ina muhuri wa mahakama, inamtaja mtu na kosa. Na hapa ndipo wengi hujidanganya: hati haichachi kama maziwa. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, inabaki hai mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute. Ikitolewa Makete, unaweza kukamatwa nayo popote Tanzania Bara. Kuhama mji si dawa.

Mimi sijaiba, inanihusu nini?

Wengi wanaoingia kwenye soo hili si majambazi. Ni watu wa kawaida kama wewe.

Wa kwanza ni mshtakiwa aliye nje kwa dhamana aliyeruka tarehe. Alisafiri, aliugua, au aliambiwa na mtu kuwa "kesi imekwisha". Hata ukubwa haukingi. Novemba 2018, Mahakama ya Kisutu iliwafutia dhamana Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, na mbunge Esther Matiko, kwa kutofika mahakamani bila sababu zilizoiridhisha. Walikaa rumande mpaka Mahakama Kuu iliporudisha dhamana zao Machi 2019. Kama viongozi wenye mawakili walipitia hayo, wewe unayetegemea kumbukumbu ya kichwani je?

Wa pili ni shahidi. Wahudumu wa afya, hii ni yenu. Daktari aliyejaza PF3 ya majeruhi anaweza kuitwa kuja kueleza alichokiona. Baada ya mwaka ameshahamia hospitali nyingine, na wito unafika kituo cha zamani. Shahidi aliyefikiwa na wito akapuuza bila sababu anaweza kutolewa hati kama mshtakiwa. Ukihama kazi, acha namba yako ya simu ofisini.

Wa tatu ni mdhamini, kama wewe uliyemdhamini binamu. Mshtakiwa akitoroka, hati inatoka kwa jina lake, siyo lako. Lakini mahakama inakuita ujieleze kwa nini usilipe zile fedha ulizosaini. Kimya chako ndicho kinachokuza tatizo: mali yako inaweza kukamatwa, na usipolipa unaweza kufungwa.

Wa nne ni mwenye deni. Tulia hapo. Kushindwa kulipa mkopo peke yake ni suala la madai, halikufanyi mhalifu. Ila mahakama ikishatoa hukumu kwamba ulipe na ukawa unakwepa, mdai anaweza kuomba ukamatwe na uwekwe gerezani kama mfungwa wa madai, na matunzo yako huko analipia yeye. Na kama ulikopa kwa kudanganya, hiyo inaweza kuwa jinai.

Hatua za kujua

Hapa kwetu hakuna tovuti ya wazi ambapo unaandika jina lako na kuambiwa kama una hati. Faini za barabarani unaweza kuziona mtandaoni kwa namba ya gari, lakini hilo ni jambo lingine. Hati inatafutwa kwa miguu.

1. Andika historia yako. Kaa na kalamu. Umewahi kushtakiwa, kudhamini, kushuhudia au kudaiwa wapi? Lini? Namba ya kesi ni ipi? Tafuta karatasi zote, hata zile zilizokunjwa kwenye Biblia.

2. Uliza nyumbani. Mpigie mama, mwenye nyumba wa zamani, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kijiji, bosi wa zamani. "Kuna karatasi yoyote ya mahakama ililetwa kwa jina langu?" Swali la dakika moja.

3. Nenda kwenye mahakama husika. Kama kesi ilikuwa mahakama ya mwanzo, usiende kuulizia ya wilaya. Ofisi unayoitaka inaitwa masijala. Mpe karani majina ya wahusika, mwaka na namba ya kesi kama unayo, aangalie kesi imefikia wapi. Akikuzungusha, omba kumwona hakimu mfawidhi.

4. Mtume wakili kwanza kama una wasiwasi. Ukienda mwenyewe na hati ipo, unaweza usirudi nyumbani jioni ile. Wakili anaweza kuuliza kwa niaba yako masijala na polisi, kwenye ofisi ya mkuu wa upelelezi wa wilaya. Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria, wakiwemo wasaidizi wa kisheria waliopo wilayani. Waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii.

5. Usimtumie "mtu wangu polisi". Akikwambia "nimeangalia, uko safi", huna karatasi yoyote mkononi. Na akiomba hela ya kufuta, hiyo ni rushwa. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Ukikuta ipo

Usikimbie. Mtu aliyekuja mwenyewe na mtu aliyeshikwa stendi ya Makambako saa nane usiku hawatazamwi kwa jicho moja. Wakili wako apeleke maombi kwenye mahakama iliyotoa hati, ukiwa na sababu yenye ushahidi. Kama ulikuwa umelazwa, beba karatasi za kuruhusiwa hospitali. Kama hukupata wito, eleza ulikuwa unaishi wapi.

Nenda na wadhamini wawili walio tayari, vitambulisho vyao na barua za watendaji wao. Kwa makosa mengi hati yenyewe inaweza kuelekeza kuwa ukitoa dhamana uachiwe. Na kumbuka, dhamana haiuzwi. Hakuna ada ya kulipa dirishani.

Ukikamatwa kabla hujawahi, una haki ya kuelezwa kosa lako na kuomba uonyeshwe hati. Omba pia kuwasiliana na ndugu au wakili. Usipigane na askari, hata kama una uhakika ni makosa. Jina linaweza kufanana. Hilo litasahihishwa mbele ya hakimu.

Na wewe mdhamini, usingoje binamu atoroke. Ukiona ameanza longolongo, simu haishiki, amehama chumba, sheria inakuruhusu kuiomba mahakama ikuondoe kwenye udhamini. Mahakama itaagiza yeye akamatwe na aletwe mbele yake. Atakununia, ndiyo. Lakini nyumba mnayojenga itabaki yenu.

Mwambie wa nyumbani

Turudi garini. Mkeo bado anasubiri jibu. Unaweza kusema "matapeli tu hao" na kuongeza sauti ya redio. Mtafika Dar salama, pengine. Lakini siku wito utakapofika nyumbani ukiwa kazini, ataupokea yeye, na hatajua kama ni karatasi ya kuificha, kuichana au kukupigia simu. Halafu ataanza kujiuliza ni nini kingine hajaambiwa.

Kwa hiyo punguza mwendo, tafuta pa kuegesha. "Mke wangu, kuna kitu nilisaini mwaka juzi." Atakasirika, hasa akisikia kiasi ulichosaini. Mwache akasirike. Halafu kesho, kabla ya kuishika barabara ya Dar, geuzeni gari mrudi mahakama ya wilaya mkaulize masijala pamoja. Dar haihami.